Engaruka hadi Ngaresero kwa gari: vumbi, makorongo na mawe chini ya Ol Doinyo Lengai

Kati ya kijiji cha Engaruka na kijiji cha Ngaresero, kilicho kando ya Ziwa Natron, kuna takriban kilomita 60 za njia ya udongo inayopita chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mkoa wa Arusha. Kwa dereva aliyekwisha kuzoea gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kwenye barabara za vijijini, anayejua kuingiza gia ndogo (ile seti ya gia za nguvu nyingi na mwendo mdogo) na aliyewahi kujinasua kwenye tope mara moja au mbili, njia hii ni shule nzuri. Haina miinuko ya kutisha wala madaraja ya magogo, na katika miezi ya kiangazi humalizika kwa saa mbili hadi tatu bila haraka. Ugumu wake uko kwingine: ndani ya mwendo huo mfupi ardhi hubadilika mara kwa mara, kutoka vumbi la majivu ya volkano hadi mchanga wa makorongo, kisha mawe yenye ncha, na kila ardhi inadai upepo wake wa tairi, gia yake na mwendo wake. Wengi wanaokwama huku hawakwamishwi na udhaifu wa gari, bali na uamuzi walioufanya wakiwa wameketi nyuma ya usukani, ilhali ulipaswa kufanywa kwa miguu.

Mwongozo huu unaanzia Engaruka. Kufika hapo kutoka Mto wa Mbu ni karibu kilomita 60 nyingine, ambazo dereva wa kiwango hiki atazimudu bila kuelekezwa. Upande wa pili, mwongozo unaishia Ngaresero na hauendelei na ile njia inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Sale na Loliondo. Mpando ule una kona kali na mawe yaliyolegea, na anayeukabili kwa mara ya kwanza afuatane na mtu anayeufahamu.

Kuijua njia kwa milima

Ukitoka Engaruka unaelekea kaskazini. Mkono wa kushoto utakuwa na mlima Kerimasi, na baadaye Ol Doinyo Lengai wenye urefu wa mita 2,962; mkono wa kulia kuna uwanda mpana unaoishia kwenye mlima Kitumbeine, na mbele yake mlima Gelai, ulio kusini-mashariki mwa ziwa. Kuikariri milima hii minne kuna faida kuliko kuitegemea ramani ya simu, kwa kuwa mtandao hukatika mara kwa mara na ramani haijui kwamba mvua ya mwezi uliopita ilihamisha kivuko. Maadamu Kerimasi na Lengai iko kushoto kwako na Gelai iko mbele kulia, mwelekeo ni sahihi, hata kama njia uliyomo siyo ile uliyoanza nayo.

Nasema hivyo kwa sababu njia hugawanyika. Kila mahali palipochimbika, madereva wamezunguka pembeni, na pembeni palipochimbika wamezunguka tena, hadi uwandani unakuta mikondo mitatu au minne inayokwenda sambamba. Chagua ule wenye alama mpya za matairi zinazokwenda na zinazorudi. Mkondo wenye alama za kwenda na kurudi kwa wingi ni njia; mkondo wenye alama za gari moja lililokwenda kisha likarudi juu ya alama zake yenyewe ni wa mtu aliyefika mwisho akakuta hakuna kivuko. Usianzishe mkondo mpya. Eneo hili ni malisho ya wafugaji wa Kimaasai, udongo wake wa majivu hushikiliwa na nyasi chache tu, na tairi likishazikata nyasi hizo, mvua inayofuata hugeuza alama hiyo kuwa mfereji.

Majira na saa ya kuondoka

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Vuli ya Novemba na Desemba hupitika kwa tahadhari, lakini wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, sioni sababu ya kwenda na gari moja peke yake. Tatizo la mvua huku haliko kwenye tope tu. Makorongo yanayokata njia huteremka kutoka nyanda za juu upande wa magharibi, kwa hiyo mvua iliyonyesha huko juu inaweza kuleta mafuriko kwenye korongo ulilosimama wewe huku anga la juu yako likiwa jeupe kabisa. Ukiona mawingu mazito yamelala juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, hesabu kwamba korongo lolote linaweza kuwa na maji kabla hujalifikia.

Ondoka Engaruka saa moja asubuhi, au saa mbili ukichelewa sana. Ubaridi ni sababu mojawapo, kwani ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 600 hivi tu na joto la mchana ni kali, lakini sababu kubwa ni mwanga. Asubuhi jua liko upande wako wa kulia na liko chini, hivyo kila shimo, kila jiwe na kila ukingo uliokatika huonyesha kivuli chake. Ifikapo saa sita, jua likiwa utosini, vivuli hutoweka na ardhi yote huonekana tambarare, hata pale ambapo mfereji wa kina cha nusu mita umekata njia. Usiku usisafiri kabisa. Taa za gari huonyesha ukingo wa korongo ukiwa umekwisha kuufikia, na punda wa huku hulala njiani.

Kabla ya kuondoka, uliza. Watu wenye habari za kweli ni waendesha pikipiki waliotoka Ngaresero alfajiri hiyohiyo.

"Habari za asubuhi, kaka. Unatokea Ngaresero?"

"Ndiyo, nimetoka saa kumi na moja."

"Kuna gari lililopita leo au jana?"

"Jana zilipita mbili. Lile korongo kubwa ukingo umeliwa, usifuate njia ya zamani, shuka na ya mkono wa kulia."

Zingatia swali la pili. Ukiuliza kama njia inapitika, utajibiwa kwamba inapitika, na kwa pikipiki ni kweli. Ulizia magari, na kama gari lililopita lilikuwa la aina gani, kwa kuwa lori refu na Prado havivuki mahali pamoja. Ukikutana na mzee anachunga, simama kabisa, zima injini, mwamkie shikamoo, ndipo uulize. Swali linalotupwa dirishani huku gari linatembea huleta jibu la kukuridhisha tu. Ulizia pia kuhusu mageti ya ushuru yaliyoko njiani, kwa sababu viwango na utaratibu wa malipo hubadilika, na kila ulipolipa dai stakabadhi na uitunze hadi safari ya kurudi.

Gari na vifaa

Gari lolote lenye fowili ya kweli (mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne), gia ndogo na nafasi ya kutosha chini ya tumbo, tuseme sentimita 20 au zaidi, linafaa: Land Cruiser, Hilux, Prado, Patrol, Defender. Gari dogo la mjini lenye fowili isiyo na gia ndogo huweza kupita wakati wa kiangazi likiwa na dereva mtulivu, lakini halina akiba ya nguvu pale mambo yanapoharibika, na mimi nisingelianzisha safari hii nalo.

Jaza tangi Mto wa Mbu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 240, ila fowili, mchanga na gia ndogo hula mafuta mengi kuliko lami, na mafuta ya kwenye madumu vijijini hayana uhakika wa usafi. Chukua matairi mawili ya akiba, siyo moja. Mawe ya volkano hupasua ubavu wa tairi, na ubavu uliopasuka hauzibiki kwa vifaa vya pancha. Jeki iwe na ubao mpana wa kuwekwa chini yake, la sivyo itazama mchangani badala ya kuinua gari. Chepe, kamba imara ya kuvutia yenye pingu zake za chuma, mbao au mabamba ya kuweka chini ya matairi, pampu ya upepo na kipimio chake havina mbadala. Maji ya kunywa yahesabiwe lita tano kwa kila mtu kwa siku, pamoja na dumu jingine la rejeta ambalo haliguswi na wanywaji.

Kabla hujaondoka, lala chini ya gari lako utazame. Ona difu (yale mabonge ya gia kwenye ekseli) zinaning'inia upande gani, bomba la moshi linapita wapi, na kitu gani kiko chini kuliko vyote. Dereva anayejua kwamba difu yake ya mbele imekaa upande wa kulia ataliweka jiwe upande wa kushoto bila kufikiri, asiyejua atabahatisha.

Kama gari lako lina habu za kufungwa kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, zile zinazoyaunganisha na fowili, zifunge Engaruka na uziache zimefungwa hadi urudi, maana fowili iliyoingizwa huku habu ziko wazi ni mapambo. Gia kubwa ya fowili unaweza kuiingiza gari likiwa linatembea polepole kwa mstari ulionyooka. Gia ndogo inataka gari lisimame. Kwa hiyo uamuzi wa kuingia gia ndogo hufanyika kabla ya mchanga, na anayekumbuka akiwa katikati amechelewa. Difu loki ya nyuma, inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ni ya mwendo mdogo na usukani ulionyooka. Ukiiacha imeingia kwenye kona, gari hukataa kukata kona hiyo.

Upepo wa matairi

Kama kuna jambo moja linaloweza kubadilisha safari hii, ni hili. Gari lililopakiwa hutembea lami likiwa na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 35 hadi 40. Ukiingia na upepo huo kwenye mchanga, tairi hukata na kuzama. Ukiingia nao kwenye mawe, hurukaruka na kutoboka kirahisi zaidi. Engaruka, matairi yakiwa bado hayajapata moto, teremsha hadi psi 26 au 28 na uuendeshe upepo huo kwa sehemu kubwa ya njia. Kwenye korongo lenye mchanga mzito teremsha zaidi, hadi 18 au 20.

Kwa nini usianze na 18 moja kwa moja, ukajiepusha na usumbufu wa kusimama? Kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hutanuka ubavuni, na ubavu uliotanuka ndio unaokutana na mawe makali. Tairi lenye psi 18 likikimbizwa pia hupata moto kupita kiasi na linaweza kuchomoka kwenye rimu kwenye kona. Njia hii inachanganya mchanga na mawe, kwa hiyo inakudai ushushe na kupandisha. Ndiyo maana pampu haina mbadala, na ndiyo maana asiye na pampu huishia kutembea na upepo usiofaa popote. Psi 15 ni ya kujinasua tu, kisha unajaza palepale.

Vumbi la majivu

Kadiri unavyokaribia Kerimasi na Lengai, udongo hubadilika rangi na kuwa wa kijivu. Ni majivu ya volkano, ya zamani na ya karibuni. Mlipuko mkubwa wa Lengai wa mwaka 2007 hadi 2008 ulimwaga majivu mapya juu ya eneo hili. Katika kiangazi, magari huyasaga hadi yakawa laini kama unga wa ngano, na kwenye mikondo ya matairi hujaa hadi kifundoni. Ukikanyaga, hayatoi sauti. Yanapanda tu kuzunguka kiatu na kukaa hewani.

Hatari ya vumbi hili ni kwamba huficha. Mkondo uliojaa majivu huonekana sawa na ulivyo pembeni, lakini chini yake kunaweza kuwa na jiwe au shimo la kuvunja springi. Teremka hadi kilomita 20 au 25 kwa saa kwenye fowili ya gia kubwa, gia ya pili au ya tatu, na ushike mwendo huo bila kuongeza wala kupunguza ghafla. Kama mko magari mawili, la nyuma lisubiri vumbi la la mbele litulie. Kwenye siku isiyo na upepo huo ni umbali wa mita mia kadhaa, na dereva wa mbele ndiye mwenye wajibu wa kusimama kila baada ya muda kuhakikisha mwenzake anakuja. Taa ziwashwe hata mchana.

Majivu hayohayo yakipata manyunyu huteleza vibaya sana. Ikitokea hivyo, mara nyingi busara ni kusimama na kunywa chai. Tabaka la juu hukauka upesi jua likitoka, na aliyesubiri saa moja hupita pale ambapo mwenye haraka amelaza gari ubavu.

Kwenye sehemu zilizo ngumu utakuta mawimbi madogo yanayofuatana ambayo hutetemesha gari zima. Kuna madereva wanaoamini kwamba dawa yake ni kukimbia kilomita 80 kwa saa ili gari lipae juu yake. Kwenye barabara pana iliyonyooka hoja hiyo ina ukweli wake. Huku haina, kwa kuwa njia hukatwa na mifereji isiyoonekana hadi uifikie, na gari linalopaa juu ya mawimbi halina breki. Kilomita 30 hadi 40, na uvumilivu.

Kuvuka korongo

Makorongo ndiyo moyo wa njia hii, na hapa ndipo inapofaa kutumia muda. Simama mita 20 kabla ya ukingo, vuta breki ya mkono, zima injini, teremka. Vuka kwa miguu hadi ng'ambo, ukifuata mstari uleule ambao magurudumu yako yatapita. Kanyaga kwa kisigino kwa uzito wako wote kila baada ya hatua chache. Kisigino kikiacha alama ya kina cha kidole, mchanga unabeba. Kikizama nusu ya kiatu, shusha upepo na uingie gia ndogo. Pale unapotilia shaka, chimba kwa mkono: mchanga mkavu unaomwagikia ndani ya shimo ni mbaya, mchanga wenye unyevu unaoshikana ndio unaotakiwa, na ukiona shimo linajaa maji polepole, usipite hapo hata kama juu pamekauka.

Tazama kingo zote mbili. Ukingo wa kushukia huwa rahisi. Wa kupandia ndio unaoamua. Kama umekatika wima, bampa itagonga kabla tairi halijagusa, na dakika kumi za chepe za kuulaza ukingo ni nafuu kuliko bampa. Tafuta mstari unaopanda moja kwa moja. Gari linalopanda ukingo kwa mshazari huinua gurudumu moja hewani, hupoteza nguvu, na kwenye mteremko mkali linaweza kulala.

Ukisharidhika, rudi garini na uhesabu watu wako; wanaotembea wawe wamekwisha kuvuka na wamesimama mbali na mstari wako. Shuka kwa gia ndogo, gia ya kwanza, mguu ukiwa mbali na klachi, injini ndiyo ishike gari. Ukigusa mchanga ingia gia ya pili au ya tatu upesi, na kwa gari la otomatiki funga gia ya pili ili lisijibadilishie lenyewe. Kuanzia hapo usibadilishe gia, usiguse breki, usiukunje usukani kwa nguvu. Mguu wa akseleta uwe mmoja, ulio thabiti, mwendo kilomita 15 hadi 20. Ukifika ng'ambo na ukataka kusimama, achia akseleta tu. Mchanga utakusimamisha, ilhali breki hujenga tuta la mchanga mbele ya kila tairi, na hilo ndilo utakalolipanda ukitaka kuondoka.

Kuna dakika moja ambayo hutenganisha kuchelewa kidogo na kupoteza nusu siku. Injini inanguruma, gari linapungua mwendo, kisha unasikia nyuma inashuka. Toa mguu hapohapo. Usijaribu mara moja tu ya mwisho, kwa sababu jaribio hilo ndilo linalochimba hadi difu ikalala juu ya mchanga. Teremka, ondoa mchanga nyuma ya matairi yote manne, shusha upepo hadi 15, kisha rudi kinyumenyume ndani ya alama zako mwenyewe, ambazo tayari umezishindilia. Mara nyingi hiyo inatosha. Kama tumbo limekwisha kulala, inua gari kwa jeki gurudumu moja moja, jaza chini yake, weka mbao, na usiwashe injini hadi uone mwanga kati ya difu na mchanga.

Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano zilizoshikizwa kwenye chesisi. Kwenye bampa haifungwi, na kwenye tufe la kuvutia trela haifungwi kamwe, kwa kuwa tufe hilo likivunjika huruka kwa nguvu ya kuua. Tupa koti zito au blanketi katikati ya kamba ili ikikatika ishuke chini, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Korongo likiwa na maji, kanuni ni fupi. Maji yanayokimbia na yaliyofika magotini hayavukwi kwa gari wala kwa miguu. Mafuriko ya makorongo haya huja kwa kasi na huondoka kwa kasi, mara nyingi ndani ya saa chache. Weka jiwe kwenye ukingo wa maji, kaa juu mahali pa salama, na utazame kama maji yanaliacha jiwe au yanalifunika. Yakishapungua, korongo lipitiwe upya kwa miguu kama vile hukuwahi kuliona, kwa sababu mchanga umehama.

Mawe

Kati ya makorongo, na hasa unapokata chini ya Lengai, kuna vipande vya mawe meusi yaliyotawanyika. Rudisha upepo hadi 26 au 28 kabla ya kuvingia. Jiwe linalozidi nafasi ya tumbo la gari lisipitishwe katikati ya magurudumu. Lipande kwa tairi, ili gari zima liinuke nalo. Tembea kwa gia ndogo, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea. Vidole gumba viwe nje ya usukani: gurudumu likigonga jiwe ubavuni, usukani huzunguka ghafla na unaweza kukuvunja kidole.

Mtu wa kukuongoza awe mmoja tu. Asimame mbele, mahali unapomwona, aoneshe kwa mikono, na asikae kamwe kati ya gari na jiwe. Wakiongoza watatu, kila mmoja ataona gurudumu lake, na wewe utafuata la aliyepaza sauti zaidi.

Injini ikizimika kwenye mpando, usikanyage klachi kabla ya kushika breki, kwa kuwa gari litateremka kwa uzito wake lenyewe. Kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, vuta ya mkono, ndipo ukanyage klachi na kuingiza rivasi kwa haraka huku breki zimeshika, achia klachi, ndipo uwashe injini na urudi chini moja kwa moja. Usijaribu kugeuza gari katikati ya mpando.

Karibu na njia kuna shimo la volkano liitwalo Shimo la Mungu, ambapo wengi husimama kupumzika. Simamisha gari mbali na ukingo, na utumie nafasi hiyo kupapasa matairi: lenye moto kuliko mengine linapoteza upepo.

Ziwa si barabara

Ukiingia Ngaresero, uwanda mweupe wa ziwa utaonekana mgumu na mtambarare kuliko chochote ulichopita, na utashawishika kuuendea kwa gari. Usifanye hivyo. Ule weupe ni ganda la magadi juu ya tope, na ganda hilo humbeba mtu pale lisipoweza kulibeba gari. Gari lililozama humo halina mahali pa kuweka jeki, na lile litakalokuja kulivuta litazama kabla ya kulifikia. Simama kwenye udongo wenye nyasi, kisha tembea, ukiwa na mwenyeji wa kijijini anayejua pa kukanyaga. Ziko sababu nyingine pia: Natron iliingizwa mwaka 2001 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapotegemea kuzalia. Injini inayonguruma karibu huwatimua.

Kabla ya kurudi

Jioni ya kufika, gari likiwa limepoa, fungua filta ya hewa uigongegonge hadi majivu yaishe. Iliyoziba hufanya injini inywe mafuta na kutoa moshi mweusi siku ya pili. Kaza nati za magurudumu, kwa kuwa mtetemo huzilegeza. Tazama mafuta ya breki, maji ya rejeta, na nyasi kavu zilizonasa juu ya bomba la moshi, ambazo huweza kushika moto. Shokamzoba inayovuja mafuta haikuzuii kurudi, ila inakutaka upunguze mwendo kwenye yale mawimbi.

Upepo upimwe alfajiri na siyo jioni, kwa sababu tairi lililotembea mchana husoma psi kadhaa zaidi ya ukweli. Wakati wa kurudi jua la asubuhi litakuwa kushoto kwako na vivuli vitaanguka upande mwingine, hivyo mawe uliyoyakwepa jana yatakuwa na sura nyingine. Makorongo yapitiwe tena kwa miguu, lile kubwa hasa. Ukiiona lami ya Mto wa Mbu, simama kando kabla hujaikanyaga: toa difu loki, toa fowili, fungua habu, na ujaze matairi hadi psi za lami.